Udongo wa Mlangoni kwa Zena

Nilipokuwa mtoto nilifundishwa kuogopa udongo kabla sijafundishwa kuogopa nyoka. Nyoka unamwona, alisema Bibi. Udongo wa mlangoni kwako ukichotwa, huoni kitu mpaka siku unapoanza kukonda. Bibi yangu mzaa mama, Mwanaisha binti Kobelo wa Kinole, alikuwa mfinyanzi, na mambo ya udongo hakuyasema kwa mzaha. Alisema kizingiti ndipo nyayo zako zote zinapokutana, za kutoka na za kurudi, kwa hiyo anayechota hapo amechota safari zako. Akaongeza neno ambalo nimelibeba hadi uzee huu: "Anayekuja kuuomba ana shida yake. Anayeuchukua bila kukuomba, huyo ni mchawi, hata kama mmekula sahani moja."

Mwaka jana mjukuu wangu aliye Dar es Salaam alinitumia kwenye simu picha ya sanamu ya mwanamke mwenye mikono kumi, amesimama juu ya simba, amezungukwa na Wahindi waliovaa vizuri. Aliuliza kama nimewahi kuona kitu kama hicho. Nilimjibu kwamba nimekiona, tena hapa Morogoro, na nikaiweka simu kando. Hakuuliza tena, naye hajui kwamba sikulala vizuri. Ndiyo sababu naandika. Nitataja majina kama yalivyokuwa, kwa kuwa katika shule tuliyosoma sisi, enzi za mkoloni, mwalimu alitusamehe hesabu iliyokosewa lakini si jina lililokosewa.

Wakati huo nilikuwa nakaa mjini, mtaa wa Mwembesongo, kwa mama yangu mdogo, Zena binti Selemani, kwa sababu shule ilikuwa mjini na kwetu ni Kinole, mbali milimani. Mama mdogo Zena alikuwa na nyumba yake mwenyewe, ya udongo, iliyoezekwa kwa madebe yaliyokunjuliwa. Hakuwa na mume. Alipika pombe ya mahindi, na wanaume walikuja kuinywa uani. Baadhi yao walikuwa watu wa heshima ambao mchana, wakikutana naye sokoni, walikuwa na haraka. Sikujua maana ya haraka ile.

Mjomba, kaka yake, hakukanyaga nyumba hiyo. Bibi alikanyaga, kwa kuwa alikuwa akishuka na vyungu vyake kuviuza na hakuwa na mahali pengine pa kulala, lakini alikuja na chakula chake ndani ya kikapu. Mama mdogo Zena alikuwa akikitazama kile kikapu.

Mtu aliyeleta mambo yote haya aliitwa Nirmal Bhaduri. Majirani walimwita Bwana Badiri, na wengine walimwita Mhindi, basi. Lakini Wahindi tuliowajua Morogoro walikuwa Wagujarati wa madukani na Masingasinga wa karakana. Yeye alikuwa Mbengali, mtu wa upande mwingine kabisa wa nchi yao, na alikula samaki kila siku, jambo lililowafanya hata Wahindi wenzake wamtazame kwa pembeni. Kazi yake ilikuwa kupima mito. Alisimika ubao wenye mistari katika Mto Morogoro, akawa anausoma kila asubuhi na kujaza maji katika chupa ndogo ndogo.

Miaka ile kazi hiyo ilikuwa ya kujitafutia maneno. Serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu wa Uluguru kulima matuta ya ngazi, watu wamechoka na wamekasirika, na yeyote aliyevaa kaptula ya kaki akainama kuokota udongo au kuteka maji alihesabiwa kuwa amekuja kuiba nchi. Mvua ikichelewa, jibu lilikuwa tayari: imo ndani ya chupa za Badiri.

Mkewe walimwogopa zaidi. Alipaka rangi nyekundu katikati ya kichwa, pale nywele zinapogawanyika, na mikononi alivaa bangili nyeupe za kombe. Wanawake wa bombani walisema ile nyekundu ni damu na ile nyeupe ni mifupa. Mama mdogo Zena aliwasikia, akatua ndoo yake, akasema, "Mimi pia mnanisema hivyo hivyo, ila kwangu hamjapata rangi."

Walikuja nyumbani kwetu alasiri moja, mwisho wa kiangazi, wakati mto umebaki mawe na vidimbwi. Bwana Bhaduri hakuvaa kaptula siku hiyo. Alijifunga nguo nyeupe iliyoshuka hadi miguuni, na miguu yenyewe ilikuwa mitupu. Mkewe alibeba sahani ya shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Walisimama nje ya kizingiti, hawakukikanyaga.

Mama mdogo Zena alimwona mtu wa serikali mlangoni, akanikonyeza nisukume mtungi chini ya kitanda. Akatoka akiwa amekunja mikono.

"Hapa hapana pombe, Bwana."

"Sikuja kwa pombe, Mama," alisema Bwana Bhaduri, akakutanisha viganja vyake mbele ya kifua na kuinamisha kichwa. "Nimekuja kuomba udongo wa mlangoni kwako. Kiganja kimoja tu."

Nilikuwa nyuma yake Mama mdogo, na niliona mgongo wake ukikakamaa. Na yeye alikuwa amelelewa na Mwanaisha binti Kobelo. Aliuliza ni udongo wa kazi gani.

Bwana Bhaduri alieleza polepole. Alisema wana mungu wa kike aitwaye Durga, nao humwita Mama. Ameolewa mbali, kwenye mlima usioisha baridi, na mara moja kwa mwaka mumewe humruhusu kuja kwao na watoto wake, siku chache tu. Kwao humpokea kwa ngoma na vyakula, kisha humsindikiza kurudi kwa njia ya maji. Ili aje, lazima afinyangiwe mwili wa udongo. Mwaka huu Wabengali wachache wa Dar es Salaam watapanda treni waje kumpokea hapa, na yeye, aliyezaliwa katika ukoo wa makuhani, ndiye atakayemfinyanga. Lakini udongo wa mtoni peke yake hautoshi. Lazima uchanganywe na udongo wa mlangoni kwa nyumba kama hii, na ni lazima uombwe.

"Nyumba kama hii ikoje?" aliuliza Mama mdogo Zena.

Bwana Bhaduri akatazama miguu yake. Mkewe ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili cha kuokoteza. "Nyumba ya mwanamke mwenye mlango wake."

Mama mdogo Zena akacheka kidogo, bila furaha nyingi. Alisema hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia kwamba mlango wake una cheo. Akaingia ndani, akachukua kisu cha jikoni, akapiga magoti, akachimba mwenyewe udongo wa kizingitini na kuumimina kwenye sahani ya shaba. Mkewe Bwana Bhaduri alichovya kidole katika ule udongo, akajigusa nao kwenye paji la uso. Wakaondoka wakitembea kama watu waliobeba maji yaliyojaa.

Kabla ya jua kuchwa, mtaa mzima ulikuwa unajua. Jirani mmoja, mke wa fundi viatu, alisimama barabarani na kusema kwa sauti ya kusikika kwamba wapo watu wameuza unyayo wao kwa Mhindi. Mama mdogo akamwambia hakuuza, ameombwa. "Angeomba kwangu, basi," alisema yule jirani, "mbona kapita milango yote akaja kwako?" Niliona kwamba swali lile limeingia ndani ya Mama mdogo Zena likakaa.

Siku zile zile Bibi alishuka kutoka Kinole juu ya lori la ndizi, vyungu vyake vimefungwa kwa majani makavu. Nilikwenda kumpokea, tukaja naye mpaka nyumbani. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni, mzigo ungali kichwani, akitazama chini. Mfinyanzi hawezi kupita mahali palipochimbwa bila kuona.

"Nani amechota hapa?"

Nilimsimulia yote. Hakupiga kelele. Aliteremsha vyungu kimoja kimoja, akavipanga ukutani, akakaa chini. Mama mdogo Zena aliporudi kutoka bombani akamwamkia, "Shikamoo, mama," Bibi aliitika marahaba akiwa bado anatazama lile shimo dogo.

"Udongo wa mlangoni hauendi peke yake," alisema. "Unakokwenda, mwenyewe huufuata."

"Ni kiganja kimoja tu, mama."

"Na mbegu je, huwa ngapi?"

Asubuhi yake aliniambia nimpeleke kwa Bwana Badiri. Nyumba aliyopewa na serikali ilikuwa karibu na mto, yenye baraza pana, na kwenye baraza hiyo, nyuma ya pazia la magunia, tulimkuta mwanamke wa udongo. Alikuwa na kimo changu. Mikono kumi ilimtoka mabegani kama matawi, na chini ya mguu wake palikuwa na simba, na nyati, na mwanamume aliyekuwa akichomoza kutoka katika mwili wa nyati yule. Rangi ilikuwa bado haijapakwa. Macho hayakuwapo, mahali pake palikuwa laini kama uso wa mtu aliyelala. Nilijificha nyuma ya kanga ya Bibi.

Bwana Bhaduri alitoka mikono imejaa matope, akasema, "Shikamoo, Bibi." Bibi aliitika, lakini kwa namna ambayo mtu huitika hodi ya asiyemjua. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akasogea, akaikagua ile kazi. Alichungulia mgongoni akaona mianzi na mabua ya mpunga yaliyofungwa kwa kamba, akachukua punje ya udongo kutoka kwenye ndoo, akaisugua kwa vidole, akainusa. Nilimwona akitingisha kichwa taratibu, kama anavyofanya mbele ya chungu kizuri cha mtu mwingine. Kwa muda mfupi pale barazani walikuwa watu wawili wa kazi moja.

"Utamchomea wapi?" aliuliza. "Ni mkubwa. Tanuri la kumtosha hulipati."

"Hachomwi, Bibi."

"Hachomwi?"

"Siku ya mwisho tunampeleka mtoni. Maji humchukua."

Bibi aliurudisha ule udongo ndani ya ndoo, akajifuta vidole kwenye kanga, kimoja baada ya kimoja. Maisha yake yote alikuwa anajua kwamba kitu kinafinyangwa ili kichomwe, na kikichomwa kinakaa. Na kisichochomwa ukakipa maji, umekifinyanga ili kife. Wala hakuwahi kumwona mtu akihangaika namna ile, kutengeneza hadi kucha za vidole, kwa ajili ya kitu cha kuliwa na mto. Kwake hapakuwa na maelezo mengine. Mtu huyu amechukua nyayo za Zena, amezitia katika mwili wa mwanamke, na mwili ule atauyeyusha.

Alidai udongo wa bintiye urudishwe. Bwana Bhaduri alimjibu kwa heshima, na nadhani kwa hofu, kwamba hauwezi kurudi, umekwisha kukandwa pamoja na mwingine, umo mwili mzima. Akamweleza habari ya binti anayekuja kwao na kurudi mlimani kwa mumewe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Sisi Waluguru mtoto ni wa kwa mama yake, na binti kurudi kwao si habari ngeni. Nafikiri ndiyo maana maneno yale yalimuudhi zaidi.

"Mnamwita mtoto kwao," alisema, "mnampikia, mnampigia vigelegele, halafu mnamtupa mtoni?"

"Hatumtupi. Tunamsindikiza."

"Msindikizaji hurudi na habari kwamba mgeni amefika. Wewe utarudi na habari gani?"

Mkewe Bwana Bhaduri alileta vitu vitamu vyeupe katika sahani. Bibi hakuvigusa, na alinishika mkono nisivifikie. Nilipogeuka kuondoka nilimwona mama yule amebaki na sahani yake, na nywele zake zenye ile rangi nyekundu, na sikuona mchawi. Lakini nilikuwa mtoto, na Bibi ndiye aliyekuwa ananishika mkono.

Vyungu vilikwisha kuuzwa, lakini Bibi hakurudi Kinole. Aliketi kutwa mlangoni kwa Mama mdogo Zena, juu ya pale palipochimbwa, wateja wa pombe wakaona aibu kumruka, wakapungua. Kutoka upande wa mtoni tulisikia ngoma na baragumu la kombe, na wanawake wa Kibengali wakipiga vigelegele, vigelegele kabisa kama vyetu. Bibi alivisikia, akakunja uso. Naamini angependelea wapige kelele ya namna nyingine.

Na katika siku zile Mama mdogo Zena akapata homa. Homa kwa Morogoro ni kitu cha kawaida, na leo ningeiita malaria na kumpeleka dispensari. Bibi hakuiita kitu. Aliniangalia tu. Usiku nilimsikia akimwambia bintiye arudi naye Kinole kesho, kabla ya siku ya mtoni, na Mama mdogo akajibu kwa sauti kavu kwamba ana nyumba yake na hana la kukimbia.

"Nilitoa kwa mkono wangu," alisema. "Na siku ya mtoni nitakwenda kuona."

Alikwenda kweli, amejitanda kanga mbili, meno yakigongana. Sanamu ilibebwa mabegani hadi kwenye kilindi kilichobaki chini ya miamba, jua likiwa bado juu ya milima. Sasa ilikuwa na macho, makubwa, marefu, na nguo nyekundu. Watu wa Mwembesongo walijaa kingo zote mbili, kimya, kama watu waliokuja kushuhudia wizi. Wanawake wa Kibengali walimpaka mungu wao ile rangi nyekundu mashavuni, wakamtia vitu vitamu mdomoni, wakamnong'oneza sikioni. Halafu wakapakana wao kwa wao, wakicheka na kulia. Mkewe Bwana Bhaduri alimwona Mama mdogo Zena amesimama peke yake, majirani wamemwachia nafasi pande zote. Akamwendea, akamshika mkono, akamvuta mpaka karibu kabisa na maji. Niliona wakizungumza, mdomo kwa sikio. Sikusikia.

Bibi, aliyekuja nyuma yetu, alinivuta mkono nimfuate. Tulishuka tukifuata mkondo, tukapita nyuma ya matete, mahali ambapo maji ya kilindi hutoka membamba kati ya mawe mawili. Watu wa juu hawakuweza kutuona. Alifunga kanga yake juu ya magoti, akaingia, akaniambia nimshike kiuno nisimwachie. Tukasikia vigelegele na kishindo cha maji.

Kwanza ilikuja rangi. Kisha maua. Kisha maji yakageuka mazito, yenye udongo, na Bibi akainama akaweka mikono yake miwili katikati ya mawe, akitafuta kama mtu anayetafuta samaki. Alikuwa ananena na maji kwa Kiluguru, maneno ambayo sikuyajua na sikutaka kuyajua. Mabua yalipita. Alipoinuka, mikononi alikuwa na wayo. Wayo mmoja wa udongo laini, umevunjikia kwenye kifundo, vidole vimeanza kupotea.

"Umefika," alisema, si kwangu. Akautia ndani ya kikapu chake, kile kile cha chakula, akaufunika kwa majani. Aliniambia, "Mama yako mdogo asijue."

Akaondoka alfajiri na lori la kwanza.

Tulipofunga shule nilikwenda Kinole, nikakikuta jikoni: chungu kidogo kuliko ngumi ya mtu mzima, kimesuguliwa kwa kokoto mpaka kikang'aa, kimechomwa kikawa cheusi. Kilikaa karibu na mafiga na hakikutiwa kitu. Bibi alikipangusa vumbi kila asubuhi. Niliuliza, akasema ule udongo sasa hauyeyuki.

Mvua za vuli zilikuwa nzuri mwaka ule, na homa ya Mama mdogo Zena ilipita. Bwana Bhaduri alihamishwa baadaye, akaondoka na mkewe na chupa zake, na mvua haikuondoka naye. Watu hawakulizungumza hilo. Ukikosea kumshuku mtu, humfuati kumwambia.

Ilikuwa wakati wa masika ndipo Mama mdogo Zena alipoonekana kwenye njia ya Kinole, amelowa, bila mzigo. Mwanamke mmoja muuza ndizi alikuwa amemwambia sokoni kwamba mama yake anamtunza jikoni ndani ya chungu. Alikuja kukichukua. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, nipe changu," na Bibi, aliyekuwa amelala karibu na moto akikohoa, akamwonyesha kwa kidole kwamba kile pale. Mama mdogo Zena akaingia ndani. Moto ulikuwa unafifia, akauchochea kwanza. Kisha akaona mama yake hajala.

Hakukichukua chungu, na hakuondoka. Njia ilikatika kwa maporomoko, ilipotengenezwa Bibi alikuwa bado mgonjwa, na Bibi alipopona ilikuwa msimu wa kulima. Nyumba ya Mwembesongo ilianguka peke yake, kama zinavyoanguka nyumba za udongo zisizokaliwa. Mimi nikapata nafasi kwenye shule ya bweni. Mjomba alifurahi sana na kusema Mungu amemrudisha. Wanawake wa Kinole walisema maneno ya Bibi yametimia, maana alisema udongo unakokwenda mwenyewe huufuata, na ni kweli, aliufuata. Hawakujali kwamba ulikwenda kwa kupanda mlima, na ulibebwa kikapuni.

Nilimuuliza Mama mdogo Zena jambo hili mara moja tu, Bibi akiwa amekwisha kufariki miaka mingi, na yeye mwenyewe ni mzee, anafinyanga vyungu kwa mikono ile ile iliyokuwa ikikanda kimea cha pombe. Nilimuuliza mkewe Bwana Bhaduri alimwambia nini pale mtoni.

Alisema, bila kuacha kazi, kwamba alimweleza kwa nini walipita milango mingine yote. Kwao husemwa kwamba mwanamume anapoingia katika nyumba ya namna ile, huuacha wema wake mlangoni. Kwa hiyo udongo wa pale umebeba wema wa mji mzima, na hakuna udongo safi kuliko huo. Na lazima uombwe kwa viganja vilivyokutana, na mwenyewe akikataa hakuna sherehe.

Nilifikiria wale watu wenye haraka sokoni. Bwana Bhaduri hakunywa pombe. Nani alimwonyesha mlango? Lazima aliuliza, na aliyeulizwa alijua. Naweza kuwadhania kwa majina, nami ni mtu wa majina, lakini watoto wao wapo, na tunasalimiana.

"Kwa hiyo walikutukana," nilisema.

Aligeuza chungu alichokuwa akifinyanga. "Labda. Lakini wote waliokuja mlangoni kwangu walikuja kuchukua. Yule peke yake ndiye aliyekuja kuomba."

Nikamuuliza kama aliishi vizuri Kinole. Alisema amekula, amelala, amezika mama yake. Akasugua ukingo wa chungu kwa kokoto, akasema pale mjini alikuwa na mlango.

Alipofariki, wanawake wa ukoo walinipa kile chungu kidogo kwa kuwa hakuna aliyekitaka. Kipo hapa mezani ninapoandika. Nimekitazama mara nyingi kwenye mwanga wa dirisha nikitafuta tofauti, mahali ambapo udongo wa Mwembesongo unaonekana ndani ya udongo wa mtoni, na sijaiona.

Bibi yangu nilimpenda, na alifanya alichofanya kwa kumwogopea mwanawe. Nimejiambia hivyo kwa muda mrefu. Lakini naikumbuka mikono yake majini, na lile neno alilolisema, umefika, na zile siku alizoketi kizingitini mpaka wateja wakapungua. Na naikumbuka sheria aliyonifundisha yeye mwenyewe, kabla sijajua kusoma, kuhusu anayeomba udongo wa mlango wa mtu na anayeuchukua.

Bwana Bhaduri aliomba.